Anthony Allison
Anthony Clifford Allison (21 Agosti 1925 – 20 Februari 2014) alikuwa daktari na mtaalamu wa jenetiki aliyethibitisha kwamba jeni ya selimundu hukinga watu dhidi ya malaria.

Alizaliwa Afrika Kusini, akakulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford, alipima damu za makabila mbalimbali ya Kenya. Pwani na kando ya Ziwa Viktoria zaidi ya asilimia 20 ya watu walikuwa na jeni hiyo. Katika nyanda za juu, ambako malaria ilikuwa chache, hawakufikia asilimia 1.

Mwaka 1953 alipima watoto 290 karibu na Kampala, Uganda. Vimelea vya malaria vilionekana kwa asilimia 46 hivi ya watoto wasio na jeni hiyo, lakini kwa asilimia 28 tu ya walio nayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Baadaye alichunguza pia wakazi wa Musoma, Tanganyika.

Hivyo ilieleweka kwa nini selimundu haikutoweka: mtoto aliyeirithi kwa mzazi mmoja hukingwa, bali aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua, na zamani wengi wao walifariki wakiwa wadogo.