Sigmund Freud: Mzee wa miaka 82 aliyeanza maisha upya ugenini

ASUBUHI ya Juni 6, 1938, mzee mwenye ndevu nyeupe na mwili uliokonda aliteremka kwenye garimoshi katika stesheni ya Victoria jijini London. Alikuwa na umri wa miaka 82. Mkewe Martha, aliyefuatana naye, alikuwa na miaka 76. Mzee huyo aliugua saratani ya kinywa kwa miaka 15, na kaakaa bandia alilowekewa na madaktari liligeuza kula na kuzungumza kuwa adhabu.

Huyo alikuwa Sigmund Freud, mwasisi wa saikolojia changanuzi, daktari ambaye nadharia zake kuhusu ndoto, malezi ya utotoni na mambo yaliyofichika akilini zilikuwa zimemfanya maarufu duniani kote. Hata wanafunzi wa fasihi katika vyuo vikuu vyetu hulikuta jina lake wanapojifunza uhakiki. Hata hivyo, siku hiyo hakuwasili London kutoa mhadhara. Alikuja akiwa mkimbizi.

Wengi huyafahamu mawazo ya Freud. Ni wachache wanaoifahamu miezi 15 ya mwisho ya uhai wake, alipolazimika kujifunza kuishi katika nchi nyingine, katika umri ambao wazee wengi hungoja tu kulazwa karibu na wazazi wao.

Freud alizaliwa Mei 6, 1856 katika mji wa Freiberg, eneo la Moravia ambalo leo limo katika Jamhuri ya Czech. Baba yake alikuwa Myahudi mfanyabiashara wa sufu. Biashara hiyo ilipozorota familia ilihama, na Sigmund akafika Vienna, mji mkuu wa Austria, akiwa na umri wa takriban miaka minne. Wakati huo huo kaka zake wawili wa kambo, Emanuel na Philipp, walihamia Manchester. Mnamo 1875 kijana Freud aliwatembelea huko, na tangu hapo akaipenda Uingereza. Mwanawe mmoja alimpa jina Oliver kwa heshima ya Oliver Cromwell.

Lakini maisha yake aliyajenga Vienna. Huko alisomea udaktari, na baada ya kumwoa Martha Bernays mnamo 1886, akalea watoto sita. Mwaka wa 1891 familia ilihamia nyumba nambari 19 katika barabara ya Berggasse, na Freud akaishi hapo kwa miaka 47. Ndani ya vyumba hivyo aliwasikiliza wagonjwa waliojilaza kwenye kochi, akaandika vitabu vyake, na kukusanya sanamu za kale kutoka Misri, Ugiriki na Roma zikapita 2,000. Hakuwa mtu wa dini, lakini katu hakuukana Uyahudi wake.

Mnamo 1933 Wanazi walivitupa vitabu vyake motoni jijini Berlin. Marafiki walimsihi aondoke Austria mapema. Alikataa. Alikuwa mzee, alikuwa mgonjwa, madaktari wake walikuwa Vienna, na aliamini kwamba Austria ingestahimili. Kama wazee wengi penye dalili za msukosuko, aliona kuwa kuhama kulikuwa hatari kubwa kuliko kubaki.

Machi 12, 1938, majeshi ya Hitler yaliingia Austria. Siku chache baadaye wanaume wenye silaha walivamia nyumba ya Berggasse. Martha hakupiga kelele. Aliweka fedha za matumizi ya nyumba juu ya meza na kuwaambia wachukue, kana kwamba anawakaribishia wageni chakula. Bintiye Anna alifungua sefu, nao wakazoa kilichokuwamo. Machi 22, polisi wa siri wa Gestapo walimchukua Anna kwa mahojiano. Baba alikaa siku nzima bila kujua iwapo angemwona tena kitinda mimba wake. Anna alirejea jioni akiwa salama. Waandishi wa maisha ya Freud huitaja siku hiyo kuwa ndiyo iliyomaliza ubishi wake kuhusu kuondoka.

Kutoka hakukuwa rahisi. Wanazi waliwatoza Wayahudi waliotaka kuhama kodi iliyomeza robo ya mali yao, na nchi nyingi zilikuwa zimefunga milango. Freud aliokolewa na umaarufu wake. Mwanafunzi wake wa zamani, Ernest Jones, alizunguka katika ofisi za serikali mjini London hadi vibali vikapatikana. William Bullitt, balozi wa Marekani nchini Ufaransa, alihakikisha Wanazi wanajua kwamba Washington ilikuwa ikitazama. Marie Bonaparte, mwanamfalme aliyewahi kutibiwa na Freud, alitoa fedha za kodi.

Juni 4, 1938, Freud, Martha na Anna walipanda garimoshi pamoja na mtumishi wao Paula Fichtl na daktari kijana aliyechukua nafasi ya daktari wa Freud aliyekuwa amelazwa. Usiku huo walivuka mto Rhine na kuingia Ufaransa.

Nyuma yao walibaki dada wanne wa Freud: Rosa, Marie, Adolfine na Pauline. Wote walikuwa wamepita umri wa miaka 70. Vibali havikuwatosha. Freud na mdogo wake Alexander waliwaachia schilingi 160,000 za Austria, kiasi kilichotosha kuwatunza kwa muda mrefu katika nyakati za kawaida.

London ilimpokea Freud kwa shangwe. Magazeti yaliandika habari zake na maua yakajaa nyumbani. Barua zilimfikia hata pale anwani ilipokuwa jina lake na jina la jiji tu. Mwezi huo huo maofisa wa Royal Society, chama kikongwe cha wanasayansi wa Uingereza, walimletea nyumbani kitabu cha wanachama atie sahihi, kwa sababu hakuwa na nguvu za kuwafuata. Ni kitabu kile kile kilichotiwa sahihi na Isaac Newton na Charles Darwin.

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, na hata mgeni mashuhuri hakwepi hali hiyo. Familia ilianza kwa kukodi nyumba katika barabara ya Elsworthy. Mbwa wake, Lün, alitengwa kwenye karantini kwa miezi sita kulingana na sheria za Uingereza, na mzee akawa anakwenda kumtembelea. Kwa marafiki alikiri kuwa furaha ya uhuru ilichanganyika na majonzi ya mji alioachana nao, ijapokuwa mji huo ulikuwa umemgeuka.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa lugha. Freud alikifahamu Kiingereza vizuri, na tangu ujana alikuwa akisoma kazi za Shakespeare. Hata hivyo, alikuwa akifikiri, akiota na kuandika kwa Kijerumani. Ndiyo lugha iliyompa sifa ya mwandishi bora. Ugenini aligundua kwamba mtu anaweza kuelewa kila neno analoambiwa na bado akajiona hajafika nyumbani.

Mwezi Agosti mizigo iliwasili kutoka Vienna, na Septemba 27, 1938 Freud na Martha wakaingia katika nyumba yao wenyewe, nambari 20 Maresfield Gardens, mtaani Hampstead. Mwana wao Ernst, msanifu majengo aliyekuwa amehamia London tangu 1933, aliifanyia marekebisho na kuweka lifti kwa ajili ya baba asiyeweza tena ngazi. Paula naye alizipanga sanamu za kale mezani kwa kukumbuka tu, moja moja, kila moja mahali ilipokuwa Vienna. Kochi liliwekwa, zulia likatandikwa juu yake, vitabu vikarudi rafuni. Mzee aliketi kwenye kiti kile kile na kutazama vitu vile vile. Dirishani tu ndipo mambo yalipokuwa tofauti.

Akaanza kazi. Siku ambazo maumivu yalimruhusu aliwapokea wagonjwa wachache, na akakamilisha kitabu chake kuhusu Musa na dini ya Mungu mmoja. Humo alidai kwamba Musa hakuwa Mwebrania bali Mmisri. Wasomi wa Kiyahudi walimsihi asikichapishe wakati watu wao walipokuwa wakiteswa. Alikichapisha mnamo 1939, na lawama zikamfuata.

Novemba 1938 masinagogi yalichomwa kote Ujerumani na Austria. Freud alimwomba Marie Bonaparte awatafutie dada zake njia ya kuingia Ufaransa. Mwanamfalme huyo alijaribu, lakini hakufanikiwa.

Kufikia Agosti 1939 kitanda cha Freud kilikuwa kimehamishiwa kwenye chumba cha kusomea, ili aweze kuona bustani. Vita vilitangazwa Septemba 3. Mzee alikuwa amekubaliana zamani na daktari wake, Max Schur, kwamba asiachwe ateseke pasipo sababu. Sasa alimkumbusha ahadi hiyo, akamtaka azungumze na Anna. Schur alimdunga dawa ya mofini, na Septemba 23, 1939 Freud akaaga dunia. Majivu yake yalihifadhiwa Golders Green, London, ndani ya chombo cha kale cha Kigiriki alichokuwa amezawadiwa na Marie Bonaparte.

Nchi iliyomkaribisha kwa maua haikukawia kuwashuku jamaa zake. Mnamo 1940 mwanawe Martin alizuiliwa kambini kama raia wa nchi adui, na mjukuu wake Walter akasafirishwa hadi Australia kwa meli ya Dunera. Hali haikuwa tofauti sana hapa Kenya, ambako serikali ya kikoloni iliwazuilia kwa muda Wayahudi waliokuwa wamekimbia Ujerumani. Walter baadaye alijiunga na jeshi la Uingereza, na mnamo 1945 akashushwa Austria kwa parachuti.

Dada wanne wa Freud hawakuiona siku hiyo. Mwaka wa 1942 walitolewa Vienna na kupelekwa kambi ya Theresienstadt. Adolfine alifia huko, na wenzake watatu wakapelekwa Treblinka, nchini Poland, walikouawa. Kaka yao alikufa bila kujua hatima yao.

Martha aliishi Maresfield Gardens hadi alipofariki mnamo 1951. Anna alibaki humo hadi kifo chake mnamo 1982. Wakati wa vita alianzisha makao ya kulelea watoto waliotenganishwa na wazazi kwa sababu ya mabomu. Baada ya vita alishiriki katika kazi ya kuwatunza watoto sita yatima wa Kiyahudi waliofikishwa Uingereza mnamo 1945. Walikuwa wadogo mno kuwakumbuka wazazi wao, na walikataa kutenganishwa hata kwa dakika moja. Walitoka Theresienstadt, kambi ile ile alimofia shangazi yake Adolfine.

Nyumba hiyo ilifunguliwa kuwa makumbusho mnamo 1986. Mgeni anayeingia huoneshwa kochi, kiti na zile sanamu ndogo mezani, katika mpangilio wa Vienna. Karibu kila kitu ambacho mzee huyo alikipenda kilivuka naye bahari. Dada zake hawakuvuka.