Frantz Fanon, munganga aliyekataa jina la ugonjwa ambalo wakoloni walimpa Mwafrika

Mwezi wa Novemba 1953, Frantz Fanon alifika Blida, mji ulio karibu na Alger, kuwa munganga mkubwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alikuwa na miaka 28. Pale alikuta wagonjwa wametengwa: Wazungu kwao, Waislamu kwao.

Alikuta pia fundisho lililokwisha kuota mizizi. Profesa Antoine Porot na wanafunzi wake wa Alger waliandika kwamba Mwalgeria ana akili ya mtu wa zamani sana, kwamba sehemu ya juu ya ubongo wake haiongozi mwili inavyopaswa, na kwamba ndiyo sababu anadanganya na kuua kwa urahisi. Mambo hayo yalifundishwa chuo kikuu kama sayansi. Hata huku kwetu mashariki mwa Afrika yalikuwa na ndugu yao: J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari mjini Nairobi, alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa mishipa ya mbele ya ubongo. Kitabu chake kilichapishwa na OMS, Shirika la Afya Duniani, mwaka huo huo wa 1953.

Fanon hakuwa mgeni wa dharau hiyo. Alizaliwa tarehe 20 Julai 1925 Fort-de-France, katika kisiwa cha Martinique, akapigana upande wa Ufaransa dhidi ya Wajerumani na kujeruhiwa. Kisha alisomea udaktari Lyon. Huko aliona wafanyakazi kutoka Afrika ya Kaskazini wakija hospitalini na maumivu ya mwili mzima. Waganga, wasipoona kidonda chochote, waliwaita waongo, na hali hiyo ikapewa jina la ugonjwa wa Waafrika wa Kaskazini. Mwaka 1952 Fanon aliandika kulipinga jina hilo: mgonjwa alikuwa amekwisha kuhukumiwa kabla hajafungua kinywa.

Blida ilimfundisha unyenyekevu. Katika wodi ya wanawake wa Kizungu alianzisha sinema, gazeti la wagonjwa, kazi za mikono na sherehe, na wagonjwa wakachangamka. Alipojaribu mambo yale yale kwa wanaume Waislamu, yalianguka kabisa. Wengine wangesema: tazama, ubongo wao. Fanon na mwanafunzi wake Jacques Azoulay walisema kosa lilikuwa la waganga, waliowaletea watu maisha ya Ufaransa bila kujua yao. Yeye mwenyewe alihitaji mkalimani ili aongee na wagonjwa wake. Basi wakafungua mkahawa wa Kiarabu ndani ya hospitali, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu, wakamwita msimulizi wa hadithi, wakatengeneza uwanja wa mpira. Hakuacha dawa wala mshituko wa umeme, matibabu ya kawaida ya wakati ule. Alichokataa ni kumfungia mgonjwa na kumsahau.

Vita vya uhuru vilipoanza tarehe 1 Novemba 1954, hospitali ilianza kupokea watu wa pande zote mbili. Waliteswa walikuja, na polisi waliowatesa wakaja pia, hawalali, wanapiga wake na watoto wao. Fanon aliwatibu wote. Aliandika pia juu ya pentothal, dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji ambayo wafungwa walidungwa ili waseme siri. Baadaye wengine walirudia-rudia kwamba hawakusema kitu, wengine walishindwa kutenganisha ukweli na uongo, wakaogopa hata kubaki peke yao na munganga. Dawa ni ile ile. Lengo la sindano ndilo lililobadilika.

Mwisho wa 1956 aliacha kazi. Mwanzoni mwa 1957 alifukuzwa Algeria, akaenda Tunis. Huko, katika hospitali ya Charles-Nicolle, alifungua huduma ya mchana: mgonjwa anatibiwa kutwa, jioni anarudi kwa jamaa yake. Wakati huo huo alikuwa anaandika katika gazeti la wapiganaji wa FLN.

Kazi hiyo ya siasa ndiyo iliyomkutanisha na Patrice Lumumba huko Accra, Desemba 1958. Agosti 1960 alikuwa Léopoldville, leo Kinshasa, kwenye mkutano wa inchi za Afrika ulioitishwa na Lumumba. Lumumba alipouawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, Fanon aliandika kwa uchungu kwamba Waafrika wenyewe walikosa, na kwamba kuuamini Umoja wa Mataifa lilikuwa kosa.

Wakati huo damu yake ilikuwa tayari na leukemia. Mwaka ule ule alimaliza kitabu chake cha mwisho, Les Damnés de la terre, chenye sura nzima juu ya wagonjwa wa vita. Alifariki tarehe 6 Desemba 1961 katika hospitali ya Bethesda, Marekani, akiwa na miaka 36. Wapiganaji waliuvusha mwili wake mpaka wa Tunisia na kumzika ndani ya ardhi ya Algeria, iliyopata uhuru Julai 1962. Hospitali ya Blida sasa inaitwa kwa jina lake.