H. G. Wells: Mwandishi aliyetaka vita vibaki sakafuni

Herbert George Wells alizaliwa Bromley, Uingereza, tarehe 21 Septemba 1866, katika nyumba ya muuza duka asiyefanikiwa. Mwaka 1874 alivunjika mguu, na kitandani ndiko alikojenga mapenzi ya vitabu. Ujanani alitumikia kama mwanagenzi katika duka la vitambaa, kazi aliyoichukia mno, kisha akapata nafasi ya kusoma sayansi mjini London chini ya Thomas Huxley.

Umaarufu ulimjia kwa riwaya The Time Machine ya 1895 na The War of the Worlds ya 1898, inayosimulia uvamizi wa viumbe kutoka sayari ya Mirihi. Wanaokata na kugundisha karatasi hivi leo ili kuunda vyombo vidogo vya angani vya kupambanisha mezani wana deni kwake mara mbili: kwa visa hivyo, na kwa mchezo wenyewe.

Mwaka 1913 Wells alichapisha Little Wars, kitabu cha kanuni za mapigano ya askari wadogo wa madini. Yeye na marafiki zake, watu wazima, walitambaa sakafuni wakifyatua vizinga vya kuchezea vilivyorusha vijiti. Walijenga vijiji kwa kadibodi na kuvichorea milango na madirisha. Hoja yake haikuwa ya mzaha: wenye kiu ya vita waachiwe sakafu hiyo, na binadamu wengine wasalimike.

Hawakusalimika. Vita Vikuu vilizuka mwaka uliofuata, navyo vikafika hata mpakani mwa Ruvuma. Aprili 1916 Wareno waliitwaa Kionga, kaskazini ya Palma, kutoka kwa Wajerumani. Novemba 1917 jeshi la von Lettow-Vorbeck likavuka mto na kuingia Msumbiji. Wanakijiji wa Cabo Delgado walishurutishwa kubeba mizigo ya majeshi, na wengi hawakurudi makwao.

Wells mwenyewe aliunga mkono vita hivyo mwanzoni, akiamini vingekuwa vya mwisho. Baadaye alipigania kuundwa kwa umoja wa mataifa, na mwaka 1940 akaandika kuhusu haki za binadamu.

Alifariki London tarehe 13 Agosti 1946, mwaka mmoja baada ya Hiroshima kuteketezwa kwa bomu la atomiki, silaha aliyokuwa ameitaja kwa jina hilo katika riwaya yake ya mwaka 1914.