Washington Roebling: Mjenzi aliyesimamisha uchimbaji kunusuru vibarua

MAELFU ya watu huvuka Daraja la Brooklyn jijini New York kila siku, lakini ni wachache wanaofahamu kwamba mnara wake wa upande wa Manhattan haukusimikwa juu ya mwamba. Umesimama juu ya mchanga. Aliyeamua iwe hivyo, Mei 1872, ni mhandisi Washington Roebling, na sababu kubwa ya uamuzi huo ilikuwa uhai wa vibarua wake.

Roebling alizaliwa Mei 26, 1837 katika kijiji cha Saxonburg, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Baba yake, John Roebling, alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani aliyeanza kusokota kamba za waya kijijini hapo mwaka 1841. Mwishoni mwa muongo huo alihamishia kiwanda Trenton, New Jersey, na kamba hizo zikawa msingi wa utajiri wa familia. Kampuni iliuza kamba, na wakati huohuo mwenye kampuni alijenga madaraja ya kuning'inia yaliyozitangaza.

Washington alihitimu uhandisi mwaka 1857, akapigana upande wa majeshi ya Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1865 akamwoa Emily Warren. Kisha alipelekwa Ulaya kuchunguza namna ya kujenga misingi chini ya maji, kwa kuwa baba yake alikuwa akiandaa kazi kubwa kuliko zote: kuunganisha New York na Brooklyn.

Mzee huyo hakuiona kazi ikianza. Juni 1869, akipima eneo la daraja, mguu wake ulibanwa na boti gatini. Alipata pepopunda na kufariki dunia Julai 22. Mwanawe, akiwa na umri wa miaka 32, akakabidhiwa mradi mzima, huku wadogo zake Ferdinand na Charles wakibaki kuendesha kiwanda cha Trenton.

Ujenzi ulianza Januari 1870. Ili kuweka misingi ya minara, makasha makubwa ya mbao yasiyo na sakafu yalizamishwa mtoni, na hewa ikasukumwa ndani kwa mashine ili kuzuia maji. Humo ndani vibarua, wengi wao wahamiaji maskini, walichimba udongo na kupasua mawe kwenye joto na mwanga hafifu. Kadiri kasha lilivyoshuka, ndivyo hewa ilivyolazimika kukandamizwa zaidi.

Hapo ndipo hatari ilipojificha. Mtu anapovuta hewa iliyokandamizwa, nitrojeni huyeyuka katika damu yake. Akitoka haraka, hugeuka mapovu mwilini, kama soda inavyofanya chupa inapofunguliwa ghafla. Vibarua walitoka wakilia kwa maumivu ya viungo, wengine wakipooza. Wakati huo hakuna aliyefahamu vyema chanzo chake.

Upande wa Brooklyn kasha lilitua kwenye kina cha takriban meta 13.5. Upande wa Manhattan lilihitaji kwenda chini zaidi. Kampuni ya daraja ilimwajiri daktari, Andrew Smith, aliyeorodhesha wagonjwa 110 katika kasha hilo. Alishauri watu watolewe polepole, lakini muda aliopendekeza ulikuwa mfupi mno kwa vipimo vya leo. Saa za kazi zilipunguzwa. Hata hivyo, vifo vilitokea, na Mei 1872 vibarua waligoma wakidai dola 3 kwa siku.

Roebling alikuwa na njia mbili. Angeweza kuendelea hadi kwenye mwamba, kwa gharama ya muda, fedha na maisha ya watu, au kusimama. Alichunguza mchanga, akaona umeshikamana na haujatikisika kwa karne nyingi. Katikati ya Mei, kasha likiwa karibu meta 24 chini, aliamuru uchimbaji usitishwe. Mnara huo haujayumba hadi leo.

Yeye mwenyewe hakunusurika. Alikuwa akishuka ndani ya makasha mara kwa mara, na moto ulipozuka katika kasha la Brooklyn, Desemba 1870, alibaki chini kwa saa nyingi hadi akabebwa nje. Mwaka 1872 maradhi yalimwangusha kabisa. Kwa miaka iliyofuata alisimamia ujenzi akiwa chumbani, huku Emily, aliyejifunza hesabu na uhandisi, akipeleka maagizo kwa wasaidizi wake.

Fitina za zabuni nazo hazikukosekana. Kazi ya kutengeneza waya wa kebo kuu ilipewa mfanyabiashara wa Brooklyn, J. Lloyd Haigh, badala ya kampuni ya familia ya Roebling. Mwaka 1878 ilibainika kwamba Haigh alikuwa akipenyeza waya mbovu uliokwisha kukataliwa. Waya huo haukuweza kung'olewa, lakini Roebling alikuwa ameweka nguvu mara sita ya iliyohitajika. Akaagiza nyuzi za ziada, na daraja likabaki salama.

Daraja lilifunguliwa Mei 24, 1883, baada ya miaka zaidi ya 13 na gharama ya takriban dola milioni 15. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha katika ujenzi huo.

Kampuni ya Trenton ilizidi kukua kwa kuuza kamba za lifti, migodi na visima vya mafuta. Mwanzoni mwa karne ya 20 familia iliwekeza katika kiwanda kipya kando ya Mto Delaware, pamoja na mji wa nyumba za wafanyakazi uliopewa jina la Roebling. Mwaka 1921, wadogo zake wakiwa wamefariki, mzee huyo alirejea kuiongoza kampuni akiwa na miaka 84. Alifariki dunia Julai 21, 1926.

Baadaye kampuni ilifunga kebo za Daraja la Golden Gate, lililofunguliwa mwaka 1937. Huko, chini ya wajenzi, ulitandazwa wavu uliookoa watu 19. Vibarua wa Brooklyn hawakuwa na kinga ya namna hiyo. Walichokuwa nacho ni msimamizi aliyekuwa tayari kusema inatosha, na kwa wengine wao neno hilo lilichelewa.