Ibn Battuta Mlangoni mwa Msikiti

Ibn Battuta, mzaliwa wa Tanja, nchi ya Moroko, alitoka kwao mwaka 1325 kwenda kuhiji. Kijana wa miaka 21, peke yake, bila rafiki wala msafara. Alipofika Tunis wenyeji waliwalaki wenziwe wa njiani. Yeye hakusalimiwa na mtu, akalia, hata haji mmoja akamwonea huruma.

Makka alifika, Hispania pia, mwaka 1350. Mombasa, mwaka 1331, alilala usiku mmoja tu, na aliona mengi! Nafaka, alisimulia, ililetwa kutoka mwambao wa bara (nasi wa Likoni twajihesabu humo). Misikiti ilikuwa ya miti. Watu walikwenda miguu mitupu. Mlangoni pana kisima na kata, mtu huosha miguu, akaipangusa mkekani, ndipo akaingia.