Godfrey Hounsfield, mtoto wa mkulima aliyewawezesha waganga kuona ndani ya kichwa

Kabla ya mwaka wa 1971, muganga aliyeshuku uvimbe ndani ya kichwa cha mgonjwa alikuwa na shida kubwa. Picha ya radio ilionyesha mfupa vizuri, lakini ubongo wenyewe haukuonekana. Mtu aliyebadilisha hali hiyo hakuwa muganga, wala hakuwa na digrii ya chuo kikuu. Jina lake ni Godfrey Hounsfield.

Alizaliwa tarehe 28 Agosti 1919 huko Newark, inchini Uingereza, akiwa wa mwisho kati ya watoto watano wa mkulima. Tangu utoto alipenda mashini za shambani kuliko masomo mengi ya shule. Wakati wa vita ya pili ya dunia alijitolea katika jeshi la anga, akajifunza mambo ya rada na kuyafundisha. Kisha akaajiriwa na kampuni ya EMI, ambako aliongoza kazi ya kutengeneza kompyuta EMIDEC 1100.

Mwaka wa 1967 alipata wazo jipya: kupitisha miale kichwani kutoka pande nyingi, kupima ile inayotokea upande wa pili, kisha kuiachia kompyuta hesabu. Kila sehemu ndogo ya ubongo inapewa namba yake. Katika kipimo kinachotumika hadi leo, maji ni 0 na hewa ni -1000. Mfupa uko juu kabisa. Namba hizo zinageuzwa kuwa nyeupe, kijivu na nyeusi, na picha inatokea.

Chombo cha kwanza kilichukua siku 9 kumaliza picha moja. Hounsfield hakukata tamaa. Alijaribu kwa ubongo wa ng'ombe kutoka machinjioni, akaendelea kupunguza muda.

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London, yeye na muganga James Ambrose walimpima mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe. Picha iliuonyesha wazi, bila kichwa kupasuliwa.

Mwaka wa 1979 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyekuwa amefanya hesabu za namna hiyo bila wao kujuana.

Hounsfield alifariki tarehe 12 Agosti 2004, akiwa na miaka 84. Namba zinazosomwa kwenye picha za skaneri duniani kote zinaitwa kwa jina lake.