Gary Gygax: alitengeneza viatu, akaacha mchezo wa dadu

Gary Gygax alizaliwa Chicago, Marekani, mwaka wa 1938. Mu 1970 kazi yake ya asiransi iliisha. Bibi na watoto walipaswa kula, basi akatengeneza viatu vya watu nyumbani, huku akiandika sheria za michezo ya vita. Mu 1974, yeye na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anaongoza askari ao mchawi wa hadithi. Dadu inapima nguvu na akili yake. Mu vita inaamua kama upanga umempata adui. Askari anavumilia mapigo mengi. Mchawi anaua wengi mara moja, lakini yeye mwenyewe anaanguka haraka. Ndiyo maana wanahitajiana. Mu 1985 kampuni aliyoanzisha ilimutoka mikononi. Alikufa 2008. Mchezo ungali unachezwa.